Silvena Asiwe wa Kwanza

Simu ilikuwa ya mama mkwe wangu, macho ya kuisomea yalikuwa yangu. Ndivyo tulivyoishi tangu nilipoolewa. Mama Fidana hakuwahi kuingia darasani, mimi niliishia la nne. Kwa hiyo karatasi ya umeme, karatasi ya kliniki, maneno ya mume wangu Mladen kutoka Ujerumani anakokata nyama kiwandani, yote yalipitia mdomoni mwangu. Nilisimama karibu na jiko la kuni nikisoma, naye akisikiliza huku anamenya pilipili hoho alizozichoma. Nikimaliza alisema, "Rudia." Nikarudia.

Mwezi wa tisa Mwalimu Tsonka wa chekechea alipita mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, akiandika namba za simu. Mama Fidana akatoa yake. Mwalimu akatueleza kwamba kuna mradi mpya umetoka Sofia, mji mkuu. Kila Ijumaa mzazi ataletewa ujumbe: mtoto wake amekuja siku ngapi, na wenzake wamekuja siku ngapi. Halafu kila mwisho wa mwezi, mtoto aliyewazidi wote picha yake itabandikwa ukutani pale mlangoni, ndani ya jua la karatasi ya njano.

"Si wa kumtisha mtu," alisema. "Ni kumsukuma kidogo tu. Mzazi akijua wenzake wanafanya nini, na yeye anafanya."

"Mimi sisukumwi," Mama Fidana akasema. "Nina miaka sitini na miwili. Nikisukumwa naanguka." Lakini alicheka, akamtilia mwalimu kahawa.

Mimi nilitaka chekechea ile kuliko kitu chochote, na nitasema kwa nini. Nyumbani kwetu tunazungumza Kiromani, lugha yetu sisi Waroma. Kibulgaria nilikikuta shuleni nikiwa na miaka saba, kama mtu anayesukumwa mtoni hajui kuogelea. Mwalimu wetu hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto thelathini. Akaona mimi na binti mwingine wa mtaani kwetu hatuelewi, akatuweka benchi la nyuma. Sisi tukapewa penseli za rangi, wenzetu wakapewa herufi. Nilichora nyumba miaka miwili. Kusoma nilijifunza baadaye, kwa kubahatisha, kwenye makopo na mabango ya duka. Sasa binti yangu Silvena alikuwa na miaka sita kasoro, na Septemba inayofuata angeingia la kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kumtoa kwenye lile benchi la nyuma.

Basi nilimpeleka. Mvua nilimpeleka, baridi nilimpeleka. Chekechea iko mwisho wa mtaa wetu, kabla ya reli, mwendo wa dakika saba ukiwa na mtoto anayekanyaga kila dimbwi. Mwezi wa kumi haukuisha akaanza kuzungumza na mwanasesere wake kwa Kibulgaria. Mimi nakunja nguo, yeye anamwambia mwanasesere akae vizuri, asipigepige kijiko. Niliacha kukunja nikasikiliza.

Ijumaa zikawa zinakuja na ujumbe. "Wiki hii Silvena amekuja siku 5. Watoto wengi wa kikundi chake wamekuja siku 4." Nilimsomea Mama Fidana kama ulivyo. Akaitikia tu, mm.

Picha ya kwanza kwenye jua la njano ilikuwa ya Yulian, mtoto wa Keranka. Keranka anakaa nyumba inayotazamana na yetu, mlango kwa mlango. Alifurahi mno, akapika mkate wa jibini akagawia majirani. Wiki mbili baadaye Yulian akashikwa na mapafu, akalazwa siku tisa. Mama Fidana alikwenda kuwaona walipotoka hospitali. Akadondosha makaa matatu ya moto kwenye kikombe cha maji. Yote matatu yakazama, na kwetu kaa likizama, mtoto ameangaliwa kwa kijicho.

"Ameonwa," akasema. "Tena si na jicho moja. Mmemtundika mlangoni kama nyama buchani, kila anayepita amtazame. Mlitaka nini?"

Keranka akalia. Na mimi niliyekuwa nimeshika kikombe nikakumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi, na nilijua kesho yake ujumbe utasema nini.

Ulisema hivi: "Hongera! Silvena hajakosa hata siku moja mwezi huu. Ni wa kwanza kati ya watoto 22."

"Wanasemaje?" Mama Fidana akauliza.

Nikatazama kioo cha simu. "Wanasema yuko katikati."

"Katikati ya wapi?"

"Katikati ya wenzake. Wengine wamemzidi, wengine amewazidi."

"Rudia."

Nikarudia. Akatikisa kichwa, ameridhika. "Katikati ni pazuri," akasema. "Hakuna anayeangalia katikati."

Sikumdanganya kwa kuwa ni mtu mbaya. Mama Fidana si mtu mbaya. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, aliitwa Zlatina. Walimpeleka kwenye maonyesho ya mjini akiwa na miaka mitatu, mpiga picha akamwona, akamweka juu ya farasi wa mbao akampiga picha bure kwa vile alivyokuwa mzuri. Watu walisimama kutazama. Siku ya sita Zlatina akafariki. Picha ile ipo, imegeuzwa uso ukutani nyuma ya kabati, sijaiona. Silvena akisifiwa na mgeni, Mama Fidana hutema mate pembeni mara tatu, anasema, "Mbaya huyu, mbaya kama chura." Silvena amezoea, huwa anaitikia, "Krooo."

Nilisoma katikati wiki mbili. Halafu mwezi wa kumi na moja ukaisha.

Sikujua kama picha imeshabandikwa. Asubuhi ile nilichelewa, nikamwacha Silvena getini mwa chekechea nikarudi mbio, kuni zilikuwa zinaletwa. Saa nne Keranka akaingia kwetu bila kubisha, viatu vina theluji.

"Mama Fidana, mnajua mjukuu wenu yuko wapi?"

"Shuleni. Kwani amekwenda wapi?"

"Yuko kwenye jua."

Mama Fidana akaweka kisu mezani. Alichukua simu yake, akavaa koti, akavuka kwenda kwa Keranka, ambako binti yao mkubwa anasoma la saba, zamu ya mchana. Nilimwona dirishani amesimama, yule binti anamsomea ujumbe mmoja mmoja kuanzia mwezi wa tisa. Ilichukua muda. Aliporudi alikaa chini na koti lake mwilini.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba umenisomea. Mladen akiandika ananipenda, nilijuaje kama ameandika?"

"Ameandika, Mama."

"Nitajuaje?"

Tangu siku hiyo simu ilisomwa nyumba ya pili. Mimi nilibaki kusubiri mlangoni nisikie kwa mwingine mtoto wangu amekwenda siku ngapi, mtoto niliyempeleka kwa mkono wangu.

Mama Fidana alikwenda mwenyewe kuibandua ile picha. Mwalimu Tsonka akamwachia, akaniambia baadaye alivyoogopa kumzuia. Kisha Silvena akakaa nyumbani siku nane mfululizo. Ujumbe ukabadilika: "Silvena amekosa siku 8. Wenzake wengi wamekosa 2 tu. Kila siku ni muhimu!" Binti wa Keranka aliusoma kwa sauti ya kusikitika, kama ulivyotaka. Mama Fidana akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema. "Sasa yuko nyuma. Hakuna atakayemwonea kijicho mtoto wa mwisho."

"Mama, akiwa wa mwisho atanyang'anywa nafasi."

"Basi awe katikati. Wewe si ndiye uliyependa katikati?"

Tukakubaliana. Siku nne kwa wiki. Nilishukuru hata kwa hizo, nikazipanga kichwani kama mtu anayepanga chakula cha wiki: Ijumaa asikose, kwa sababu Ijumaa wanaimba na maneno ya nyimbo yanamkaa.

Lakini maneno ya Mama Fidana hayakukaa ndani ya nyumba yetu. Mtaa wetu una njia moja na bomba moja la maji la nje la wote, na wakati wa baridi nyumba nyingi mabomba yao huganda, kila mwanamke huja pale na ndoo. Pale ndipo hesabu zilipoanza.

"Wako wameandika ngapi?"

"Tano."

"Tano! Umeshakwisha. Na huyo mtoto wako macho ya bluu."

"Nifanyeje sasa?"

"Mpunguze. Wangu wiki hii nampeleka mbili, wiki iliyopita walimwandika juu ya wenzake, sikulala."

"Wewe wako nani amwonee kijicho na meno yale?"

"Cheka tu. Yulian alikuwa na meno gani?"

Walicheka, na kila mmoja alikwenda nyumbani akapunguza siku moja. Nami nilisimama na ndoo yangu, nikaona kitu ambacho nilitamani nisikione. Kila nyumba ilitaka kuwa katikati. Kila nyumba ilipoteremka kidogo, katikati nayo iliteremka, na aliyebaki pale pale akajikuta amekuwa juu bila kusogea. Ijumaa ya pili ya Januari binti wa Keranka akatusomea: "Hongera! Wiki hii Silvena amekuja siku 4. Watoto wengi wa kikundi chake wamekuja siku 2."

"Tumezidi," Mama Fidana akasema. "Nilikwambia nne ni nyingi."

"Mama, nne zilikuwa za katikati mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita umepita."

Tukawa mbili. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu Tsonka peke yangu, kabla watoto hawajafika. Alikuwa akiwasha jiko. Chumba kilikuwa na viti ishirini na viwili vidogo, vimepangwa.

"Mwalimu, waambie waache kutuma ule ujumbe."

Akageuka. "Rusanka, ule ujumbe ndio unatusaidia. Mahali pengine walikojaribu, mahudhurio yalipanda."

"Hapa yanashuka."

"Naona yanashuka. Nimeshapiga simu Sofia. Wanasema wataongeza ujumbe mmoja, uwe wa Jumatatu pia."

Nikakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakanifika kifuani. Nikamweleza yote: Yulian, makaa, jua la njano, hesabu za bombani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kuna Wabulgaria wangecheka. Yeye hakucheka. Alivuta mkono wa sweta yake kidogo kama anayejikuna, na kwenye kifundo cha mkono nikaona uzi mwekundu, ule wa kukinga kijicho.

"Hata mjukuu wangu nimemfunga," akasema taratibu. "Lakini niwaandikie nini, Rusanka? Kwenye fomu kuna ugonjwa, kuna safari, kuna sababu za kifamilia. Niandike kijicho? Watasema mwalimu amechanganyikiwa."

"Basi waandikie wasilinganishe. Waseme tu siku alizokuja, wasiseme za wenzake."

"Haiwezekani kubadilisha katikati ya mwaka. Nimewauliza hilo pia. Wanasema wakigusa kitu, hawatajua nini kimefanya kazi." Alifunga mlango wa jiko. "Na kuna jingine. Nilitaka kukwambia wewe kwanza, kwa sababu wewe unaelewa. Manispaa wanaleta mtu wiki ijayo, Jumatatu mpaka Jumatano. Atahesabu watoto saa mbili na nusu asubuhi. Wasipofika wanane, hawawezi kupasha moto jengo zima kwa watoto wachache. Watakaobaki watahamishiwa ile chekechea ya nyuma ya hospitali."

Nyuma ya hospitali ni ng'ambo ya mji. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Mladen yuko mbali, na mama mkwe wangu hakubali mkaza mwana wake apande basi kila siku peke yake apite mjini akitazamwa. Hilo halikuwa jambo la kujadili. Mwalimu Tsonka alilijua kama nilivyolijua mimi, ndiyo maana alinitazama vile.

Wiki nzima nilizunguka. Sikuacha mlango. Niliwaambia wanawake wenzangu waziwazi: si lazima siku zote, ni siku tatu tu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, wanane tu. Kila mmoja alinikaribisha, alinipa kiti, alinielewa. Hakuna aliyekataa.

"Mimi wangu nampeleka," alisema mmoja. "Wewe tangulia, mimi nipo nyuma yako."

"Nikiona watatu wanne wamepita, natoka," alisema mwingine. "Si unajua, asije akawa yeye peke yake wa kuandikwa."

Keranka alinishika mkono. "Kwa ajili yako nitampeleka. Lakini Yulian asiingie wa kwanza mle ndani. Naomba unielewe. Hata wa pili siombi. Wa tatu."

"Wa kwanza ataingia wangu," nikasema.

"Na Mama Fidana?"

Nikaenda mlango unaofuata.

Jumatatu niliamka mapema nikapika uji wa maziwa, nikamvika Silvena nguo tatu na buti. Theluji ilikuwa imeanguka usiku, njia nzima haina hata alama ya mguu. Mama Fidana alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango, hakuwa ameuziba, alikuwa ameketi tu. Nikaenda dirishani. Ng'ambo, Keranka alikuwa dirishani. Yulian alikuwa mbele yake, kofia kichwani. Nyumba ya kushoto pazia lilikuwa limesogezwa, na nikaona kichwa cha mtoto chenye skafu. Nyumba ya chini yake vilevile. Watoto wote wa mtaa walikuwa wamevaa. Wote walikuwa nyuma ya vioo, na mama zao nyuma yao, na kila mama alikuwa akitazama mlango wa mwenzake.

"Saa mbili imefika, Mama."

"Subiri Keranka atoke."

"Keranka ananisubiri mimi."

"Basi mtasubiriana." Hakusema kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa imekunjwa mapajani. "Rusanka, sikuzuii. Mlango huo hapo. Niambie tu kitu kimoja. Ukitoka wa kwanza kwenye theluji nyeupe hivi, kila jicho la mtaa huu limtazame yeye peke yake, halafu ikatokea, utaniambia nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, sikutaka kumjibu ovyo. Silvena alikuwa ananitazama, kisha anamtazama bibi yake, jasho limeanza kumtoka puani kwa zile nguo. Saa ya ukutani ikafika na robo.

"Sitakuwa na la kukwambia," nikasema. Nikafungua mlango.

Nilitembea polepole makusudi. Nilitaka wanione, nilitaka waone ni rahisi. Silvena aligeuka kila baada ya hatua chache kutazama nyayo zake. Nilisikia mlango mmoja unafunguliwa nyuma yetu, nikakaza masikio. Ukafungwa. Sikugeuka. Nilijiambia kwamba wakiniona nimefika kwenye kona watatoka.

Mtu wa manispaa alikuwa mzee mwenye koti refu, karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe. Mwalimu Tsonka alisimama dirishani, mgongo ametugeuzia. Chumba kilikuwa na joto. Viti vyote vilikuwa vitupu. Yule mzee alimvulia Silvena kofia kwa heshima, na Silvena akamsalimia kwa Kibulgaria, akamwambia jina lake, na kwamba ana miaka sita kasoro, na kwamba huko nje kuna theluji mpaka hapa, akaonyesha gotini.

"Anazungumza vizuri kweli," mzee akaniambia. "Mzuri huyu. Ana akili."

Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimegeuza uso pembeni na kutema mate, mara tatu. "Mbaya huyu," nikasema. "Mbaya." Nilisema kwa Kibulgaria, akasikia. Hakujua atazame wapi. Mwalimu Tsonka alijua maana yake.

Tulingoja mpaka saa tatu kasorobo. Aliongeza robo saa nzima kwa huruma yake. Kisha akaandika moja.

"Bado kesho na kesho kutwa," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Tuliporudi njia ilikuwa na nyayo zetu tu za kwendea. Silvena alijaribu kukanyaga ndani ya zake mwenyewe, akarudi kinyumenyume ili zilingane. Keranka alifungua dirisha nilipofika kwao.

"Hawakufungua?"

"Wamefungua."

"Nani walikuwepo?"

"Hakuna. Sisi tu."

Alimtazama Silvena muda mrefu, kuanzia buti mpaka kofia. "Peke yake," akasema.

"Kesho, Keranka. Tutoke pamoja. Mguu kwa mguu, mlango wako na wangu kwa wakati mmoja. Hakutakuwa na wa kwanza."

"Kesho," akaitikia, na nadhani alitaka iwe kweli. Kisha akafunga dirisha kwa sababu baridi ilikuwa inaingia, na kupitia kiooni nikamwona ameinama, anamfungua Yulian kamba za viatu.